Mwanangu asema Mungu hakumpa kitu

Asalaam aleikum, Mwalimu.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na babao hajarudi kutoka msikitini. Ninaishi Langoni, hapa Amu (Lamu), na nina watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka 13. Wa pili ni mvulana wa miaka 11, yuko gredi ya tano. Wa mwisho bado ananyonya.

Huyu msichana, mashallah, Mungu amemjalia. Skuli ni wa kwanza, chuoni amehifadhi juzuu nane, na mwalimu wake humtoa mbele kila wakija wageni. Mara moja tu, muhula uliopita, alikuwa wa pili, akalia mpaka akatapika. Lakini ndivyo alivyo, anapenda masomo.

Shida yangu ni huyu mdogo wake. Kusoma kunamtesa. Herufi anazichanganya, mstari mmoja anauhangaikia mpaka nachoka mimi, na hesabu za sehemu ndizo hazimwingii kabisa. Chuoni wenzake wamemwacha mbali. Babake amejaribu kwa upole, amejaribu kwa ukali. Siku hizi akikasirika humwambia, "Wewe utaishia kuswaga punda." Mimi nami sina usafi, maana nimeshamwambia mara nyingi amtazame dadake.

Mtoto mwenyewe si mtundu. Skuli zikifungwa humpeleka Matondoni kwa babangu, ambaye ni fundi wa majahazi. Huko hukaa kutwa bila kuulizia chakula. Kuna siku mashua ilikuwa imepandishwa pwani kutengenezwa, nikafika kumchukua nikamkuta amelala chali chini yake, mpini wa nyundo mkononi, anagonga ubao mmoja mmoja huku sikio kalitega. Mahali pengine akigonga hurudia mara mbili tatu, kisha hutia alama ya mkaa. Babangu akanambia, "Hapo alipotia alama pameoza kwa ndani. Mimi nimepita, sikupasikia." Nikacheka tu, nikamwambia mtoto twende, jua linatua.

Siku ya Idi walikuja wageni. Babake akamwita msichana asome Qurani, akasoma, watu wakatokwa na machozi. Halafu ami yao mmoja akauliza, "Na huyu je?" Babake akasema, "Huyu mtume akalete kahawa." Watu wakacheka. Akaileta kahawa, hakumwaga hata tone. Usiku nilipomfunika shuka akaniuliza, "Mama, Mungu alipokuwa akigawa, mimi nilikuwa wapi?"

Mwalimu, sikuwa na jibu. Nilimwambia alale. Tangu siku hiyo amekuwa mkimya, na Jumamosi iliyopita alikataa hata kwenda Matondoni, asema ile ni kazi ya wasiosoma. Nifanye nini ili mtoto huyu ajue kuwa naye ana thamani na Mungu amempa chake? Na nimwambieje babake bila kuleta ugomvi?

Mama wa watatu, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita pale kwenye kahawa. Mtoto wa miaka 11 amechekwa mbele ya ukoo mzima, siku ya Idi, kisha akaenda jikoni akabeba sinia na asimwage hata tone. Wewe umeandika jambo hilo kama lililopita tu. Mimi naona mtoto aliyekuwa akijizuia kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zimemwisha usiku, alipobaki nawe peke yenu.

Swali alilokuuliza bado linangoja. Usilifunike na shuka. Kesho au keshokutwa, mkiwa wawili, mwambie hivi: "Usiku wa Idi uliniuliza swali, nami nikakwambia ulale. Sikufanya vyema. Nimelifikiri, nataka kukujibu." Hata kabla hujafika kwenye jibu, atakuwa ameshasikia kitu alichokuwa hana. Neno lake lilikaa moyoni mwa mamake siku zote hizo.

Jibu lenyewe lina mambo mawili, na nakuomba usiyachanganye. Liko la thamani yake na liko la kipawa chake. Wazazi wengi hukimbilia kipawa. Mtoto akivunjika moyo tunamtafutia haraka kitu anachokiweza, tunamwambia, "Unaona? Na wewe una lako." Tunataka kumfariji, lakini tunamfundisha kuwa heshima ni ujira wa kazi. Siku mkono utakapoteleza kwenye tezo, au siku atakapokuja mtoto mwingine Matondoni mwenye sikio kali kuliko lake, atarudi palepale alipokuwa usiku wa Idi.

Basi anza na thamani. Katika Surat Bani Israil, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anasema amewatukuza wanadamu. Hakusema waliohifadhi, hakusema waliofaulu. Mwanao aliingia katika heshima hiyo kabla hajaijua alifu. Mweleze siku aliyozaliwa. Mwambie nani alimpokea, nani alimwadhinia sikioni, jina lake lilichaguliwa vipi na nani aliling'ang'ania. Mtoto wa umri huo bado anapenda sana kusikia habari zake za uchanga, hata kama atajifanya hazimshughulishi. Mwambie, "Wakati ule hukuwa umefanya lolote, na watu wote tulikuwa tumekukusanyikia wewe."

Kisha ndipo uje kwenye kipawa. Kuna kisa nilichokuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu. Adhana tunayoisikia kila siku, aliyeoneshwa maneno yake ndotoni ni sahaba aitwaye Abdallah bin Zayd. Akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamhadithia. Mtu angedhani mwenye ndoto ndiye atakayeadhini. Mtume akamwambia amfundishe Bilal maneno hayo, Bilal ndiye aadhini, kwa kuwa sauti yake ni bora zaidi kwa kwenda mbali. Huyu alipewa maneno, yule akapewa sauti, na hakuna aliyeambiwa amtazame mwenziwe. Bilal aliwahi kuwa mtumwa, na walikuwako watu wa Makka waliomwona si kitu. Mhadithie mwanao kisa hiki chote, taratibu, wala usimalize kwa kumwambia "kwa hiyo na wewe". Ataunganisha mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ubao. Mwanangu, nasema kwa upendo: uliletewa jibu mkononi pale pwani Matondoni, ukacheka kwa sababu jua lilikuwa linatua. Tazama alichokuwa akifanya. Ubao mzima ukigongwa hulia. Uliooza ndani hutoa sauti butu, na tofauti hiyo yaweza kuwa ndogo mno, hasa ubao ukiwa bado na unyevu na nje yake umepakwa sifa, yale mafuta ya papa, unang'aa vizuri. Anayekalafati, yaani anayeziba mianya ya mbao kwa pamba, hata awe hodari vipi, pamba yake haishiki kwenye ubao uliooza. Chombo kitashushwa majini, kitapendeza, na siku bahari ikichafuka huko njia ya Kiwayu maji yatapita hapohapo. Kwa hiyo alama ile ya mkaa si mchezo wa mtoto. Watu watapanda mashua ile na watoto wao. Na babako, fundi wa miaka mingi, amekiri kwa kinywa chake kuwa alipita hapo asipasikie. Je, mtoto aliyasikia maneno hayo, au ulimshika mkono mkaondoka kabla?

Rudi naye kwenye jambo hilo. Usimwambie "wewe ni hodari sana". Neno "hodari" amelisikia likisemwa kwa dadake mara elfu, litampita tu. Muulize, "Siku ile ulijuaje kuwa pale pameoza?" Halafu nyamaza, umpe nafasi ajikwae. Muombe akufundishe. Chukua kipande cha ubao, ugonge wewe, ukosee, akusahihishe. Mtoto aliyezoea kusahihishwa kila siku akipata hata mara moja kumsahihisha mkubwa kwa haki, utamwona anavyokaa wima.

Na jicho lako lisiishie Matondoni. Wewe mwenyewe umeniandikia mengine bila kujua: anajua kutulia kutwa kwenye kazi moja, anajua kujizuia mbele ya kejeli, na anajua kuuliza swali ambalo watu wazima tunaliogopa. Kila unapoona kitu kama hicho, kiseme palepale, kwa maneno machache, kama kilivyo. "Nimeona ulivyomngoja mdogo wako ngazini." Basi, inatosha. Usiongeze "sasa na Kiingereza ungekuwa hivyo".

Lile neno lake kwamba ile ni kazi ya wasiosoma, hakulitoa Matondoni. Kalipata nyumbani, na nyumba nyingi za mwambao tunalisema bila haya. Mji huu wa Amu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kilichowavuta ni nyumba za mawe na chokaa, milango ya nakshi, na mji ambao bado unaishi kwa mila zake. Vyote hivyo vimetoka mikononi mwa waashi, maseremala na mafundi. Na punda je? Katika vichochoro vyetu, mawe, mchanga na saruji hufika mlangoni vikiwa mgongoni mwa punda. Yuko mtu aliyemswaga punda huyo juani ili sisi tupate dari ya kulala chini yake, na mtoto wake pia husikia tunavyolitumia jina la kazi ya babake kutisha watoto wetu. Tuache.

Kuhusu skuli nitakwambia kweli yangu kwanza. Nilifundisha shule ya msingi Malindi kwa miaka mingi, enzi za 8-4-4, mtaala wa zamani. Siku ya wazazi tulikuwa tunasoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na alama za kila mmoja kati ya 500. Wa mwisho alisimama na mzazi wake wakitazamwa. Nimeisoma orodha hiyo kwa mdomo wangu huu. Kuna kijana mmoja ripoti yake niliandika "hawezi", neno moja tu. Hakurudi muhula uliofuata. Sijui kama ni kwa sababu yangu, lakini neno lile nililiandika mimi, na namuombea dua mpaka leo.

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa enzi hizo, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwanao yuko kwenye mtaala mwingine. Mwakani atafanya mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, na mtihani huo haumzuii mtoto kuingia gredi ya saba. Huko mbele, gredi ya 10, kuna mikondo mitatu: wa kwanza sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili sayansi ya jamii; na wa tatu sanaa na michezo. Kuunda vyombo ni uhandisi, ati. Nakutajia haya ili babake ajue mlango haujafungwa. Lakini usiyageuze kuwa mzigo mpya. Mtoto aliyependa mbao akianza kuitwa "injinia wetu" kila mlo, nazo mbao atazikimbia.

Wala kipawa kisiwe kisingizio cha kuacha kusoma. Fundi wa kesho atasoma mkataba, atahesabu gharama, atasoma Qurani yake. Kwa hiyo pambana na kusoma, ila tafuta kwanza kinachomzuia. Mtoto anayechanganya herufi mpaka gredi ya tano, tena akili yake nyingine iko timamu hivi, huenda shida iko kwenye macho, au kwenye jinsi ubongo wake unavyopokea maandishi. Hapo ukali hautibu, na upole peke yake hautibu. Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Kisha mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha tathmini ya elimu, vile vinavyoitwa EARC kwa kifupi, ambako hupima watoto wenye ugumu wa kujifunza na kuwashauri walimu. Fanya hili mapema. Nimeona watoto walioitwa wavivu miaka sita, kumbe hawaoni ubao wa darasani.

Na hesabu za sehemu zisizomwingia, nina hakika nusu yake anazo tayari. Mwombe babako apime naye kwa vipimo vya wazee. Shibiri mbili, zile za kiganja kilichotanuliwa, ni dhiraa. Dhiraa nne ni pima. Basi dhiraa ni robo ya pima, na shibiri ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Mtoto akipima ubao wa dhiraa moja na shibiri moja, muulize ni kiasi gani cha pima. Atanyoosha mkono wake, atahesabu shibiri tatu, atakwambia thumuni tatu. Hapo ameshajumlisha robo na thumuni, hesabu ileile inayomtoa jasho darasani. Siku hiyo hiyo mwandikie kwenye karatasi jinsi mwalimu anavyoiandika, aone kuwa ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. (Thumuni ataikuta tena akisoma mirathi chuoni, kwa hiyo na mwalimu wa chuo amsaidie.)

Tubaki na babake. Usimwone adui. Mtu anayemwambia mwanawe "utaishia kuswaga punda" mara nyingi ni mtu mwenye hofu. Anaona miaka inakwenda na hajui atamwachia mtoto nini. Usimkabili usiku akiwa amechoka, na kamwe usimkabili mbele ya watoto. Mwambie unataka mwende pamoja Matondoni, baba mkwe ana neno. Halafu mwachie mzee aseme mwenyewe habari ya ule ubao. Neno la mkwe, tena fundi, litaingia mahali ambapo lako lingezua mabishano.

Mkiwa wawili, mkumbushe hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyo katika Bukhari na Muslim. Babake alimpa zawadi yeye peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Akasema la. Akaambiwa, mcheni Mungu na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu. Tumeizoea hadithi hii kwenye mali na mashamba. Lakini kumwita mmoja asifiwe na kumtuma mwingine akalete kahawa, huo nao ni mgao, na watoto wanaupima kwa mizani ya dhahabu.

Kwa kuwa alichekwa mbele za watu, babake asimalize kwa kumnong'oneza samahani chumbani. Samahani ya chumbani iwepo, ndiyo, na iwe ya kwanza. Lakini mkikusanyika tena, na ami yule awepo, baba aseme neno moja la kweli juu ya mwanawe huku mwanawe akisikia. Asimwite mbele kuonesha kitu. Asimfanye agonge mbao kwa ajili ya wageni! Aseme tu, kama anavyoweza kusema juu ya mtu anayemheshimu, kisha mazungumzo yaendelee.

Na jambo la mwisho hukuniuliza. Ulinipitishia msitari mmoja tu: binti yako alikuwa wa pili, akalia mpaka akatapika, "lakini ndivyo alivyo". Hapana, mwanangu. Mtoto haumwi tumbo kwa mapenzi ya masomo. Ana hofu. Mdogo wake ameshaona pale walipo wa mwisho, naye dada amepaona vilevile, tena kila siku, mezani mwake mwenyewe. Anajua kilichompata yule asiyeweza, na anasoma kwa kukimbia hicho. Swali la mdogo wake, la Mungu alipokuwa akigawa, yeye analo kwa namna nyingine: nikishindwa siku moja, nitabaki nani?

Mkienda Matondoni Jumamosi, mchukueni naye. Asibebe kitabu. Msimwambie asome chochote, na mtu yeyote akimwomba asome, wewe sema leo amepumzika. Mpeni mkeka akae kivulini mwa ile mashua, mamako akitaka amsuke nywele. Alale akijisikia kulala. Jioni asiulizwe amejifunza nini.